Kabila la Makoti

Makabila ya kwanza tuliyoyatunga yalikuwa ya hovyo kabisa, na anayesema hivyo ni mimi niliyeyachora. Tulikuwa na watu warefu wenye masikio ya sungura waliokaa msituni, wafupi wenye ndevu waliochimba mawe, na majitu ya kijani yaliyopiga kelele bila sababu. Tuliyaiga kwenye michezo ya nje, ile ambayo watu wengi hucheza pamoja mtandaoni, kila mmoja akiwa na mhusika wake na kabila lake la kubuni. Sisi wawili, hapa Bariadi, tulitaka mchezo wetu wa Kiswahili, unaochezeka kwenye simu ya bei nafuu na bando la kubangaiza. Mwenzangu aliandika programu. Mimi nilichora na kutunga tabia, historia na maneno ya kila kabila. Wachezaji walikuja, wakachagua wale wenye masikio kwa sababu niliwapaka rangi nyeupe, wakazurura kidogo, wakaondoka. Hakuna aliyelipenda kabila lake. Mtu akiuawa mchezoni alihamia kabila jingine kama anayebadilisha soksi.

Mwenzangu alikuwa na duka la simu na makava. Mimi nilikuwa naendesha stationery ukuta wa pili, jirani na stendi. Baba yake alifika Bariadi kijana akiuza vitenge, Mzaramo wa watu, akaoa Mzaramo mwenzake, wakabaki. Mzee alishafariki. Mama bado yupo na duka lake la khanga, na sauti yake unaisikia kabla hujaliona duka. Mwanawe alizaliwa hapa na anazungumza Kisukuma vizuri kuliko watoto wa dada yangu waliokulia Mwanza. Lakini Mzaramo ni mtani wa Msukuma kama mimi hata azaliwe zizini, na tangu darasa la kwanza hakuwahi kuniita jina langu. Aliniita ng'ombe. Mimi nilimuita kifuu, kwa nazi za kwao pwani.

Siku moja alikuja mteja mgeni kutoa fotokopi akatukuta katikati ya shughuli.

"We ng'ombe," mwenzangu alikuwa anasema mlangoni, "leo umeoga au umelambwa?"

"Afadhali mimi nalambwa," nikamjibu. "Ninyi mmezaliwa mmekaa barazani, mtakufa mmekaa, na tutawazika mmekaa kwa uvivu wa kujinyoosha."

Yule mgeni alikusanya karatasi zake haraka, akatuomba tusameheane. Alidhani tunaelekea kushikana mashati. Mwenzangu alimtazama akitoka, kisha akageuka kwangu na uso wa mtu aliyeokota kitu njiani. Alisema tumekuwa wajinga kuhangaika na masikio ya sungura wakati kabila zima liko hapa mlangoni.

Tukafuta kila kitu. Tukaanza upya na makabila mawili makubwa. La kwanza ni Watu wa Zizi: warefu, wazito, hawajui kuogelea, na nguvu zao zinapanda kadiri mifugo yao inavyoongezeka. La pili ni Watu wa Kibaraza: miguu yao haina kazi, mikono laini, lakini ulimi wao unaweza kukuuzia kivuli chako mwenyewe. Hawa wawili ni watani. Mtu wa Zizi akikutana na Mtu wa Kibaraza haruhusiwi kumpiga, anaruhusiwa kumtukana tu. Tusi likiingia, unapoteza heshima. Ukijibu kwa tusi kali zaidi, unairudisha pamoja na ya mwenzio. Ukikasirika ukainua silaha, mchezo unakunyang'anya kila kitu, mali, nyumba na mifugo, na kabila lako lote linapewa taarifa kwamba umeaibisha ukoo. Kanuni hiyo niliiandika mimi kwa maneno mawili: mtani hakasiriki.

Kwenye karatasi inaonekana kichekesho. Lakini ni kazi ngumu kuliko kuchora mapanga. Kila kabila lazima liwe na kitu linachokionea aibu na kitu linachojivunia, na viwe ni kitu kilekile kilichotazamwa kutoka pande mbili. Watu wa Zizi wananuka maziwa: hiyo ni fahari yao na ndiyo fimbo ya kuwachapia. Niliandika matusi mamia ya Zizi na ya Kibaraza, mengine nikiyachota kwa mama yake mwenzangu aliyekuwa akinitukana kila nikipita kununua khanga. Wachezaji walirudi. Safari hii hawakuhama. Watu wa Dar, wa Mombasa, hadi vijana walioko Oman, walikuwa wanaapa kwa zizi lao.

Kwa kitu kimoja tu tuligombana. Mimi nilitaka nusu ya pili.

Kila mtu anayejua utani anajua kwamba matusi ni nusu. Nusu nyingine ni msiba. Mtani anayekutukana mwaka mzima ndiye anayekuja ukifa. Anavaa nguo zako, anakuigiza mbele ya watoto wako, anashuka kaburini anagoma kutoka mpaka apewe chake, na wafiwa wanacheka machozi yakiwa bado usoni. Ndiyo maana unavumilia kuitwa ng'ombe: huyo anayekuita hivyo amejiandikisha kukuzika. Nikataka mchezoni iwe hivyohivyo. Mtu wa Zizi akifa, mtani wake aliyemtukana zaidi aitwe, aende mpaka alipoangukia, amzike. Asipokwenda, apoteze haki ya kumtukana mtu yeyote.

"Nani ataacha vita aende kuzika?" mwenzangu akasema. "Wachezaji wanataka kutukana, hawataki majukumu. Utawachosha."

"Basi siyo utani."

"Ni mchezo, ng'ombe wewe. Acha ushamba."

Yeye ndiye aliyekuwa na funguo za programu, kwa hiyo mchezo ukabaki na nusu. Nilinuna wiki moja. Kisha nikaacha, kwa sababu nilijiambia mchezo ni mchezo, na sisi wenyewe huku nje tunaijua nusu ya pili.

Baba yangu alikuwa mkulima wa pamba na mfugaji kijijini Sapiwi. Fahali alimpiga teke ujanani, akawa anachechemea mguu wa kulia. Alivaa koti zito la kijivu jua liwake, mvua inyeshe. Na kila asubuhi, kabla hajanawa uso, alikuta ndama ametoka na ananyonya maziwa ya watu, akapaza sauti kijiji kizima kisikie: "Nani kafungulia?" Hakuna siku aliyojibiwa. Nadhani ndama walikuwa wanajifungulia wenyewe.

Alimpenda mwenzangu kupita kiasi. Alikuwa akija mjini kuuza chochote, lazima apite pale dukani kutukanwa. Mara ya mwisho alipokuja na afya yake, nilikuwapo. Alikaa kwenye benchi la nje akinywa soda.

"Nsumba," akamwambia, yaani kijana, "mimi nikifa wewe ndiye wa kushuka kaburini kwanza. Lala humo uone kama pananitosha. Usitoke mpaka wakupe mbuzi."

"Mbuzi hatoshi, mzee. Kwa jinsi unavyonuka nitataka na fahali."

"Utapewa. Na koti hili utalivaa siku hiyo. Uchecheme vizuri, usinidhalilishe."

"Naanza mazoezi leo," mwenzangu akasema, akainuka akachechema kutoka kabatini mpaka mlangoni. Baba alicheka mpaka soda ikamtokea puani. Aliniambia njiani tukielekea stendi kwamba sasa anaweza kufa bila wasiwasi, maana watoto wake ni waliaji na mkatekista ana hotuba ndefu. Hakuwa anatania. Aliogopa sana msiba wa kimya, usio na kicheko.

Alifariki wakati wa mvua, baada ya kuumwa kifua siku chache. Nilimpigia mwenzangu simu mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeguswa kweli, siwezi kumnyima hilo. Akasema tunafungua msimu mpya wa mchezo wiki hii, wachezaji wameshatangaziwa, seva inamsumbua, lakini mazishi yatamkuta Sapiwi. Kutoka Bariadi hadi Sapiwi ni bodaboda tu.

Siku ya mazishi watu walikaa kimya kama baba alivyoogopa. Mkatekista alisema hotuba yake. Mama yangu alikuwa amekauka macho, anatazama njia. Kaka zangu walishachimba kaburi na wamesimama kando na sepeto zao, na kila bodaboda ikisikika kwa mbali, kaka mkubwa ananiangalia. Ujumbe ukaingia kwenye simu yangu: "Pole sana mtani. Seva imegoma. Nakuja ikitulia." Chini yake aliweka kile kiuso cha njano kinachotoa chozi. Nikakionyesha kwa kaka. Akatema mate.

Aliyekuja ni mama yake. Alishuka kwenye bodaboda akiwa ameshajifunga khanga kiunoni, hajasalimia mtu, akapita moja kwa moja mpaka ndani kwetu, akatoka amevaa koti la baba. Lilimfika magotini. Akaanza kuchechema kuzunguka kaburi.

"Nani kafungulia?" akapayuka. "Nasema nani kafungulia? Nimelala kidogo tu, ng'ombe wote wako shambani kwa watu! Na huyu mkatekista anatafuta nini hapa, naye kafunguliwa na nani?"

Mama yangu ndiye aliyecheka wa kwanza. Kicheko kilimtoka kama kikohozi, kisha akashindwa kukizuia, na machozi yakaja nacho. Kijiji kizima kikafuata. Yule mama mnene akashuka kaburini kwa ngazi ya sepeto na mikono ya kaka zangu, akalala, akalalamika kwamba Wasukuma ni wachoyo hata wa udongo, akagoma kutoka mpaka akapewa mbuzi. Vijana walikuwa wanamrekodi na simu. Alipotolewa, alinishika mkono akaninong'oneza, bila utani hata chembe, kwamba amemwambia mwanawe aje, amemwambia na kumwambia, na kwamba yeye ana aibu. Nikamwambia wabeja, mayu. Asante, mama. Yeye alikuwa amezika. Nilimpenda siku ile na nampenda mpaka leo.

Bado ningemsamehe mwanawe. Nasema kweli. Ningemtukana mwaka mzima kwa kukimbia kaburi, naye angeyameza, tungeendelea. Nilirudi mjini nikiwa nimeshatunga matusi yangu njiani, na yalikuwa mazuri.

Nikafungua mchezo kabla sijafungua duka. Kulikuwa na kabila jipya.

Liliitwa Makoti. Ni watu wanaochechema mguu wa kulia, wanavaa koti zito la kijivu jua kali, hawana silaha, hawana mali, wala mtani. Kila wakipigwa huanguka, koti linawafunika uso, na wakiwa chini hupaza sauti: "Nani kafungulia?" Sauti ilikuwa ya mama yake, aliikata kwenye video ya mazishi ya wale vijana. Picha aliitengeneza kwenye kompyuta kutoka video hiyohiyo, na uso haukuwa wa mama yake. Ulikuwa wa baba. Alikuwa na picha nyingi za baba kwenye simu yake, walizopiga wote pale kwenye benchi.

Halafu ujumbe wake: "Nimemuenzi mzee. Tumepata watu kuliko wakati wowote. Wanalipenda kufa!"

Walilipenda kweli. Hakuna kabila tulilowahi kutunga lililopendwa vile. Wengine walilichagua kwa raha ya kuanguka, wengine walizunguka wakiwawinda ili wasikie kile kilio. Mtu wa Mombasa aliandika kwamba amewaangusha Makoti asubuhi nzima na mbavu zinamuuma. Watoto wa Bariadi wakalitoa nje ya simu. Walikuwa wanachechema njiani wakitoka shule, mmoja anasukuma, mwingine anaanguka, wote wanapaza sauti. Mama yangu alikuja mnadani kununua chumvi na mafuta ya taa. Alinikuta dukani akiwa amekunja uso.

"Kule kuna watoto wanamuita baba yenu," akasema. "Wanaanguka wanacheka. Wamemjulia wapi?"

Nikamwambia. Mama yangu hasomi vizuri lakini si mjinga. Akaomba aone. Nikamfungulia simu, na wakati tunatazama, Mtu wa Zizi mmoja, kabila langu mwenyewe nililolichora kwa mikono yangu, alikuja akamsukuma mzee wa koti, akaanguka. "Nani kafungulia?" ikasema simu. Mama alinirudishia. Aliuliza kama kuna mahali humo ndani anapozikwa. Nikasema hapana. Akafunga khanga yake, akaenda kutafuta gari la Sapiwi.

Nilikwenda ukuta wa pili. Mwenzangu aliponiona alishika kichwa na kucheka, kile kicheko cha kujihami.

"Ng'ombe ameingia na pembe! Haya, chapa. Najua nimekosa mazishi, nitukane nife."

Nilisimama. Matusi yangu yote yalikuwa hapa mdomoni.

"Umekasirika?" akasema. "Mtani hakasiriki. Umeandika mwenyewe."

Hapo ndipo nilipomwelewa. Hakuwa mtani aliyekosea. Alikuwa amejichukulia ile nusu tamu tangu darasa la kwanza, na nyingine hakuwahi kuwa nayo. Mtu ambaye hatakuzika na anakuita ng'ombe, huyo anakutukana tu. Nilihisi hasira ya kunitoa roho, na nilihisi pia kwamba nikiionyesha ataifurahia, atasema ameshinda. Kwa hiyo nilimwamkia.

"Habari za asubuhi, kaka," nikasema. "Poleni na kazi. Nyumbani hawajambo?"

Alisubiri. Alidhani tusi linakuja nyuma, ndivyo yalivyo mengi yangu. Halikuja. Nikamuuliza hali ya mama, nikamtakia biashara njema, nikaondoka.

Kesho yake nikamwamkia tena. Na kesho kutwa. Alinirushia matusi ya kila aina kupitia ukutani, mengine ya zamani yaliyokuwa yananichekesha mpaka nalala sakafuni. Nilimjibu: "Sawa kaka, asante." Wateja wetu walianza kuuliza kama nimeokoka. Aliwafuta Makoti baada ya wiki kama mbili bila mimi kumwomba. Nikamshukuru kwa adabu.

Msimu mwingine ulikaribia na mchezo ulihitaji maneno mapya. Yeye hajui kutunga tusi, hilo lazima mlijue. Ana yale ya kurithi tu. Akaniomba ya Watu wa Zizi na ya Watu wa Kibaraza kama kawaida. Nilimtumia kazi yote kwa wakati. Mtu wa Zizi anakutana na mtani wake, anasema: "Habari za safari, ndugu? Karibu upumzike." Mtu wa Kibaraza anajibu: "Nashukuru sana, ndugu. Na wewe Mungu akuzidishie." Niliandika mamia ya namna hiyo, safi, hakuna hata moja lenye mwiba. Alikuwa amewatangazia wachezaji na hakuwa na mengine, akayaweka. Walianza kuuliza makabila yamepatwa na nini, kuna vita, kuna msiba? Mmoja wa Oman aliandika kwamba inatisha, kwamba ni kama kuingia nyumba ambayo watu wameacha kuongea. Wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wale waliokuwa wanaapa kwa zizi lao. Niliwaona wakiondoka na niliona raha. Ningeweza kuwarudisha kwa mchana mmoja wa kazi.

Jumapili moja alikuja Sapiwi. Nilikuwa uani na mama tunachambua choroko. Alishuka kwenye bodaboda na jogoo mkononi, amevaa koti kubwa la mtumba la kahawia, na kabla hajafika langoni alishaanza kuchechema. Alizungumza peke yake kwa sauti, akiwatukana ng'ombe wetu, akimtukana kaka mkubwa, akisema tumemzika mzee vibaya miguu iko nje. Hakuna aliyecheka. Mama aliendelea kuchambua. Alipofika mbele yetu alisimama wima, mguu ukapona.

"Nipelekeni kaburini," akasema. "Nitalala juu yake sasa hivi. Nitalala mpaka mtakaponitoa. Simtaki mbuzi."

"Karibu sana, kaka," nikasema. Nikamletea kigoda na glasi ya maji ya kunywa juu ya sahani, kama anavyoletewa mgeni wa serikali.

"Ng'ombe," akasema. "Tafadhali."

"Jua ni kali leo. Vua koti upate hewa."

Akaniita mchawi. Akaniita mnuka samadi, akamtukana marehemu bibi yangu, akatafuta kila kitu kinachoweza kuuma, na sauti yake ikawa inapanda na kukatika. Kisha akasema kwa unyonge kabisa: "Niite kifuu. Mara moja tu."

"Tunashukuru kwa kutukumbuka," nikamwambia. "Msalimie sana mama."

Mtani hafanyiwi hivyo. Mtani hufukuzwa kwa fimbo, huku watoto wanamzomea. Mimi nilipokea jogoo kwa mikono miwili, nikamwaga maji aliyoyaacha, nikamsindikiza mpaka barabarani. Tulisimama kusubiri bodaboda, na alikuwa analia bila kujificha. Ilipofika nilimwambia dereva ampeleke polepole. Nikampa mkono, nikamtakia safari njema, nikarudi kwenye choroko.